Kumwandaa daktari wa watoto kufanya kazi na timu ya huduma ya msingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na madaktari wanaosomea ubingwa wa watoto (residenti), walimu wao wodini, na pia matabibu na wauguzi wa zahanati wanaotaka kujua yule residenti aliyeletwa kwao amekuja kufanya nini hasa. Majibu yanaitazama Tanzania, kwa sababu huduma ya mtoto hutegemea jinsi nchi ilivyopanga vituo vyake na watu wake.

Tukisema huduma ya msingi kwa timu, tunazungumzia nini?

Tunazungumzia mtoto mmoja anayepita kwenye mikono ya watu wengi bila kupotea njiani. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto humpima uzito na kumchanja. Tabibu wa zahanati humtibu homa na kuhara. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii humtembelea nyumbani, afisa lishe humfuatilia akidumaa au akikonda, na afisa ustawi wa jamii huingia pale familia inapokwama. Yupo pia mfamasia, mtu wa maabara, daktari wa kituo cha afya, na mwisho kabisa bingwa wa hospitali ya rufaa.

Kuwa na watu hao wote hakutoshi. Kuna timu pale kila mmoja anapojua mwenzake alifanya nini, na mama anaposikia neno moja kutoka kwa wote. Mama akiambiwa zahanati aendelee na dawa, kisha hospitalini akaulizwa ni nani aliyempa dawa hiyo, hapo timu hakuna, hata kama wote wawili ni wataalamu wazuri.

Bingwa anahusika vipi na zahanati? Si kazi ya tabibu?

Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004-05 ulikuta vifo 112 vya watoto chini ya miaka 5 kwa kila vizazi hai 1,000. Ule wa 2022 ulikuta 43. Sehemu kubwa ya kushuka huko haikufanyika kwenye wodi za mabingwa. Ilitokana na chanjo, vyandarua, dawa ya mseto ya malaria, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na mtoto kuonwa mapema karibu na kwao. Utafiti wa Morogoro Vijijini na Rufiji, uliochapishwa 2004, ulionyesha kwamba wilaya zilizofundisha watumishi wake mwongozo wa IMCI, yaani wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya kawaida ya watoto, zilikuwa na vifo vya watoto pungufu kwa asilimia 13 kuliko wilaya jirani za kulinganisha.

Lakini katika takwimu hizohizo, vifo vya watoto wachanga, yaani wa siku 28 za kwanza, vimegoma. Vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 kwenye utafiti wa 2015-16, na 24 mwaka 2022. Udumavu nao bado uko kwenye asilimia 30. Haya hayatatuliwi na zahanati peke yake wala na hospitali ya rufaa peke yake. Mtoto aliyezaliwa na kilo 1.6, akapona wodini na kuruhusiwa, maisha yake yanategemea nani atampima uzito wiki ijayo na nani atajua kwamba anatakiwa kupimwa. Bingwa asiyeijua zahanati hawezi kumpangia mtoto huyo safari ya kurudi nyumbani.

Wazo hili ni la kigeni?

Hapana. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilipozungumzia afya ya msingi, Tanzania ilikuwa tayari inajenga zahanati vijijini. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Marekani nao walifika kwa njia yao: chama chao cha madaktari wa watoto kilianza mwaka 1967 kuzungumzia makao ya tiba ya mtoto, mahali pamoja panapokusanya taarifa zote za mtoto mwenye mahitaji makubwa. Sisi hifadhi hiyo tunayo mkononi mwa mama, nayo ni kadi ya kliniki. Babu wa kadi ya namna hiyo ni chati ya ukuaji ambayo daktari wa watoto David Morley aliitengeneza akiwa Ilesha, Nigeria, iliyokaa na mama mwenyewe badala ya kufungiwa kabatini.

Kipya ni kumfundisha residenti mambo haya kwa makusudi. Zamani tulitarajia atayaokota mwenyewe akishapangiwa kituo.

Mafunzo yaanze mwaka gani?

Mwaka wa kwanza. Residenti akikaa miaka 2 wodini tu, huzoea kumwona mtoto akiwa amelazwa, na mtoto aliyelazwa ni sehemu ndogo sana ya watoto. Kinachofaa zaidi ni kumpa kliniki moja ya kudumu, siku ileile ya wiki, ambako anawaona watoto walewale tangu mwaka wa kwanza hadi anahitimu. Juu ya hapo aongezewe wiki kadhaa za mfululizo zahanati na kituo cha afya. Ziara ya siku moja, watu wakipiga picha na kuondoka, haifundishi chochote na inawachosha wenyeji.

Residenti akifika zahanati, afanye nini hasa?

Wiki ya kwanza akae pembeni ya tabibu na muuguzi, aangalie wanavyofanya, na asisahihishe kitu mbele ya mgonjwa.

Chukua mtoto wa miezi 8 mwenye kikohozi. Residenti wengi hunyanyua stetoskopu kabla hawajamhesabu mtoto pumzi. Tabibu aliyefundishwa IMCI vizuri humwacha mtoto anyonye atulie, humwomba mama apandishe nguo ya mtoto, huweka saa mezani na kuhesabu dakika nzima. Akipata 52 anajua amevuka mpaka, maana kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 pumzi 50 na kuendelea ni za haraka. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mpaka ni 40, na kwa kichanga chini ya miezi 2 ni 60. Halafu anatazama kama kifua kinabonyea kwa ndani. Kabla ya yote hayo ameshauliza dalili za hatari: ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Dakika hizo chache, bila eksirei wala maabara, zinatenganisha mtoto wa kurudi nyumbani na vidonge na mtoto wa kukimbizwa hospitali. Residenti anayezifanya kwa mkono wake hawezi tena kusoma barua ya rufaa ya tabibu kwa dharau.

Baada ya hapo kuna kazi nyingi. Akae kwenye chumba cha chanjo, aone foleni inavyokwenda na kwa nini chanjo ya pili ya surua-rubela, ya miezi 18, hurukwa kirahisi: mtoto ameanza kutembea, mama anaona kliniki imekwisha. Apime mzunguko wa mkono wa mtoto kwa utepe, akumbuke kwamba chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali. Aende na mhudumu wa jamii nyumbani kwa watu. Akae pia dirisha la dawa asikilize maelezo anayopewa mama. Zinki ya kuhara hutakiwa kumezwa siku 10 hadi 14, lakini choo kikiwa kigumu siku ya tatu nyingine zinawekwa kabatini. Hilo halionekani kutoka wodini.

Rufaa inafundishwaje?

Hapa ndipo ningependa walimu waweke nguvu kuliko popote. Rufaa ya kwenda tunaifundisha kidogo. Ile ya kurudi, yaani barua ya majibu kwa aliyemleta mtoto, mara nyingi haifundishwi kabisa, na matokeo yake zahanati hutuma watoto miaka nenda rudi bila kujua nani alipona, nani alifariki, wala nani alikuwa na ugonjwa tofauti na walivyodhani. Mtu asiyepewa majibu hawezi kuboresha kazi yake. Ukimnyima tabibu majibu, umemnyima shule.

Barua yenyewe haihitaji kurasa. Mfano:

*"Asanteni kwa kumleta mtoto huyu wa miezi 9. Mlikuwa sahihi, ni nimonia kali. Amepata oksijeni siku 2 na sindano siku 5. Anamalizia amoksilini ya vidonge, mwisho Jumatano. Tunaomba mmwone Alhamisi: mhesabuni pumzi na mpimeni uzito. Leo ana kilo 7.1; kadi inaonyesha akiwa na miezi 7 alikuwa na 7.4, kwa hiyo tumemjulisha pia afisa lishe. Chanjo ya surua-rubela ya miezi 9 bado. Akishindwa kunyonya au kifua kikibonyea, mrudisheni siku hiyohiyo. Simu ya wodi ni hii hapa chini."*

Maneno "mlikuwa sahihi" yamewekwa kwa makusudi. Kama hawakuwa sahihi, andika mlichokikuta na kilichowaonyesha, bila kejeli. Barua ya namna hii huandikwa kwa dakika 5, na residenti asihesabiwe kwamba amemruhusu mtoto mpaka iwe imeandikwa. Nakala moja apewe mama, na mambo makuu yaingizwe kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu karatasi hupotea lakini kadi mama huitunza.

Rufaa ya kwenda nayo iendane na simu. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua na kichanga, mfumo wa m-mama hupokea simu ya bure namba 115 na kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Residenti aujue unavyofanya kazi: nani anapiga, nani anaamua kituo cha kupokea, na hospitali inatakiwa iwe imeandaa nini kabla gari halijafika.

Kuna ugonjwa mmoja unaofaa kufundishia haya yote?

Upo. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na hakuna hospitali ya rufaa inayoweza kuwabeba wote. Lakini mtoto mmoja wa selimundu akifuatwa tangu anapogundulika, anampitisha residenti kwa kila mtu wa timu.

Bingwa au daktari wa hospitali anathibitisha ugonjwa na kuanzisha dawa ya haidroksiyurea kwa anayestahili. Zahanati inahakikisha penisilini ya kila siku haikatiki hadi mtoto afike miaka 5, inatoa foliki asidi, na inasimamia chanjo. Mhudumu wa jamii anauliza kama mtoto analala kwenye chandarua. Mwalimu wa shule anahitaji kujua kwamba mtoto huyu anywe maji mara kwa mara, asiadhibiwe kwa kwenda chooni sana, na kwamba maumivu yake si ya kujifanya. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuhitajika pale baba anapomlaumu mama peke yake, ilhali ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hilo residenti ajifunze kulieleza wazazi wote wakiwa wamekaa pamoja.

Na mama afundishwe kupapasa bandama. Mtoto alale chali, magoti yamekunjwa, mkono wa mama uanzie chini kushoto mwa tumbo na kupanda taratibu kuelekea mbavu mpaka aguse ukingo. Akishaujua wa kawaida wa mtoto wake, siku bandama ikivimba ghafla na mtoto akapauka, atakuwa wa kwanza kujua, na atajua kwamba ni kukimbia hospitali usiku huohuo. Homa pia ni dharura kwa mtoto huyu. Kumfundisha mama mmoja vizuri kunachukua muda, na residenti asifanye kwa maneno tu: amwache mama apapase mwenyewe mbele yake.

Kwenye timu, nani kiongozi?

Inategemea kazi iliyopo. Mtoto akizimia, anayeongoza ni mwenye ujuzi mkubwa wa kuokoa maisha aliyepo chumbani. Kwenye chanjo, kiongozi ni muuguzi anayeshika mnyororo baridi, yaani utunzaji wa chanjo kwenye ubaridi. Nyumbani kwa familia, mhudumu wa jamii ndiye mwenyeji, na daktari ni mgeni anayekaribishwa.

Jambo hili huwapa shida residenti wengi, kwa sababu shule ilituzoesha kwamba daktari ndiye wa mwisho kuzungumza. Sista aliyekaa kliniki ya watoto miaka mingi anaona mtoto anayeharibika kabla vipimo havijasema. Msalimie kwanza, muulize anaonaje, umsikilize mpaka amalize, kisha toa uamuzi na sababu zake. Akikukumbusha kipimo cha dawa mbele za watu, sema asante. Muuguzi aliyefokewa mara moja kwa kuuliza hataliuliza swali la pili, na hilo la pili huenda ndilo lingemwokoa mtoto.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii si wa kuwaachia idara nyingine?

Hapana. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa, wanaosomeshwa miezi 6, kwa lengo la kuwafikisha zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Ni watu watakaomwona mtoto mara nyingi kuliko daktari yeyote. Residenti ajifunze wanachoruhusiwa kufanya na wasichoruhusiwa, na ajue kuwapa kazi inayoeleweka. "Mfuatilie huyu" ni agizo bovu. "Nenda Jumatatu, angalia kama dawa imebaki vidonge vingapi, mpime mkono, unipigie" ni agizo linalotekelezeka.

Makabidhiano ya zamu yana uhusiano gani na huduma ya msingi?

Ni ujuzi uleule, umehamishwa chumba. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye mafunzo ya ubingwa wa watoto katika hospitali 9 za Marekani na Kanada. Residenti walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio mmoja: hali ya mgonjwa ni nzito kiasi gani, historia fupi, nini kifanyike, nini kinaweza kutokea, na anayepokea arudie alichosikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Mpangilio huohuo utumike kwenye simu kati ya zahanati na hospitali, hasa hiyo sehemu ya kurudia, ambayo ndiyo inayorukwa zaidi.

Tutajuaje kwamba residenti ameiva?

Mtihani wa karatasi hauwezi kuonyesha. Vipo vitu vitatu vinavyosema ukweli. Cha kwanza, mwalimu amwangalie kwa macho akizungumza na mama, tangu salamu hadi kuagana, halafu ampe maoni palepale. Cha pili, chukueni barua zake za majibu ya rufaa, mwulizeni tabibu wa zahanati husika: barua hii ilikusaidia? Cha tatu, waulizwe wauguzi, mfamasia na wahudumu wa jamii aliofanya nao kazi, kwa njia ambayo haitawaletea chuki. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2010, linaeleza mafunzo ya pamoja kuwa pale watu wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Kama ni kweli tunajifunza kutoka kwao, basi na maksi zao zihesabiwe.

Wodi imejaa na residenti ni wachache. Muda huo utoke wapi?

Haki ya kulalamika ipo, na anayesema ni kazi rahisi hajasimamia wodi ya watoto msimu wa mvua. Lakini hesabuni pia watoto wanaorudi kulazwa kwa sababu hakuna aliyewafuatilia, na rufaa ambazo zingemalizwa kwa simu moja. Mpango unaowezekana ni residenti mmoja kwa zamu atoke nusu siku, wengine wakijaza nafasi yake, na ratiba hiyo isiguswe kila wodi inapozidiwa. Ikiguswa mara mbili, haitarudi.

Kundi la WhatsApp kati ya hospitali na zahanati linafaa?

Linasaidia sana kwa ushauri wa haraka, mradi jina na uso wa mtoto visionekane, mzazi awe ameridhia picha, na kuwe na mtu wa zamu anayejulikana kwamba ndiye atakayejibu. Ushauri uliotolewa uandikwe pia kwenye faili.

Kenya wanafanyaje?

Sheria yao ya Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao ya huduma, hospitali moja ikiwa kitovu cha zahanati na vituo vya afya vinavyoizunguka, pamoja na timu za fani mbalimbali zinazovihudumia. Mtandao huo unampa mwanafunzi wa ubingwa mahali pa kujifunzia palipochorwa tayari, na vyuo vyetu vinaweza kuiga mchoro huo kwa kufunga kila hospitali ya kufundishia na zahanati chache maalumu.

Nimehitimu na nimepangiwa hospitali ya mkoa, bingwa wa watoto ni mimi peke yangu. Nianzie wapi?

Wiki ya kwanza piga hodi kwa mganga mkuu wa wilaya na mratibu wa huduma za mama na mtoto, uombe orodha ya vituo vinavyoleta watoto wengi kwako. Chagua vitatu. Nenda ukawaone watumishi wake, ukiwa umebeba majibu ya watoto waliowaleta mwezi uliopita, mmoja mmoja, mliyempoteza na aliyepona. Waulize nini hukwamisha rufaa upande wao. Waachie namba ya simu inayopokelewa usiku. Halafu, kabla ya kuanzisha semina yoyote, weka daftari la barua za majibu wodini, na wewe mwenyewe uandike ya kwanza.